Utepe Juu ya Jina

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi, na nalisema hili mbele ya mtu yeyote. Nilianza na mkokoteni wa kukodi. Leo nina malori manne na kiwanja cha mbao Makurunge, na shule niliishia darasa la nne. Nimedhulumiwa na mbia niliyekula naye sahani moja. Nimeona mto Wami ukimeza lori langu na shehena yote ya mninga, nikakaa ukingoni nikavuta sigara mpaka ikaisha. Mwenye kutaka kunishangaza na adamke mapema.

Basi mwezi uliopita, baada ya kusoma arobaini ya mama yangu, niliingia chumbani mwake nikafungua kasha lake la nguo. Juu palikuwa na kanga ambazo hakuwahi kuzivaa, katikati udi, na chini kabisa bahasha ya kaki. Nilipoifungua ikatoka harufu. Nyinyi wa rika langu mnaijua: selotepu ya zamani, harufu ya mpira uliochacha, ina utamu kidogo kama asali iliyolala ndani ya kandambili. Nikakaa sakafuni, mtu mzima na kitambi changu, nikawa tena mtoto wa miaka tisa mwenye hasira ileile.

Hasira hiyo ina jina. Inaitwa Zuberi, mdogo wake baba yangu. Sisi watoto tukimwita Ami.

Baba yangu, Fundi Salimu, alikuwa akichonga milango pale Bagamoyo, chini ya kibanda cha makuti nyuma ya nyumba yetu. Nakshi ya mlango haianzi kwenye ubao, huanza kwenye karatasi. Yungiyungi zote, mnyororo wa pembeni, majani ya mtende, vyote huchorwa kwanza, na mistari yake ikatobolewa vitundu vidogo vidogo. Karatasi hulazwa juu ya ubao, hupigwapigwa kwa kitambaa chenye vumbi la mkaa, mkaa ukapenya ukaacha alama, ndipo patasi ikafuata. Mimi nilidhani vile vitundu vimetobolewa na mende, na baba anavitumia tu kwa werevu wake. Nilimwona mtu hodari sana, hata mende wanamfanyia kazi.

Mama alikaa kwenye mlango wa uani akishona kofia za viua. Alikuwa na sindano zake kwenye kipande cha sabuni, akichomeka na kuchomoa bila kutazama, akizungumza na jirani upande wa pili wa ua. Hivi ndivyo ninavyowakumbuka: huku patasi, huku sindano, na mimi katikati nakula machujo ya nazi.

Kulikuwa na ada yetu sisi watu wa milango, na sijui kama bado ipo. Mlango ukishasimamishwa, kabla mwenye nyumba hajavuka kizingiti, huvukizwa ubani, halwa na kahawa huletwa, na ile karatasi ya nakshi hufunguliwa mbele ya watu. Pembeni kwa chini huwa pameandikwa, kwa herufi za Kiarabu, jina la mwenye kuitunga nakshi. Sheikh hulisoma kwa sauti na watu wote humsomea Fatiha. Kama yu hai, apewe afya. Kama amekufa, apunguziwe adhabu ya kaburi. Ndiyo sababu fundi aliweza kukosa mali asikose kulala usingizi: kila mlango wake ulikuwa ukimwombea.

Baba alikufa kwa homa ya siku nne, wakati karatasi ya mwisho imekwisha kuchorwa na ubao haujaguswa. Ilikuwa nakshi ambayo haijawahi kuonekana mjini. Ami akarithi kibanda, patasi, na ile karatasi.

Siku moja akarudi kutoka Dar es Salaam na kitu mfukoni. Alikuwa mtu wa kujionyesha, viatu vyeupe, kofia kaiegemeza kwenye sikio. Akatuita watoto wote akavuta utepe mwembamba unaong'aa kama maji, akaubandika kwenye shavu langu.

"Hii inaitwa selotepu," akasema. "Inashika chochote. Hata mdomo wako."

Tukapiga mayowe. Tulidhani ni ngozi ya kioo. Jioni ile, Ami akiwa kibandani peke yake, nilichungulia kwenye upenyo wa makuti nikamwona ameitandaza karatasi ya baba. Ilikuwa imechanika mahali pawili, akaziba kwa selotepu. Kisha akachukua kipande cha karatasi nyeupe chenye jina lake, akakipaka nyuma uji wa ngano, akakibandika pembeni, juu ya jina lililokuwapo. Akakilaza kwa kidole gumba. Akakifunika kwa selotepu, na akakitazama kwa mbali, kichwa upande, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Nilikimbia kwa mama. "Ami kamzika baba mara ya pili!" nikamwambia.

Mama alisikiliza yote. Sindano ikasimama. Kisha akasema, "Jina hilo liache."

"La baba hilo!"

"Mwanangu, nimekwambia liache. Nenda kateke maji."

Nikamwona mwoga. Kuanzia siku ile sikula naye sinia moja kwa muda, na nikaapa, kwa akili ya utoto, kwamba Zuberi atalipa. Nilimtazama akichonga nakshi ile kwenye mvule na nikaona ananenepa. Kweli alinenepa, shingo ikajaa. Nilijua sababu: alikuwa anajiandaa kula Fatiha ya marehemu. Niliwaza baba yuko chini gizani, mikono amekinga, na dua inapita juu ya kichwa chake inaingia kwenye tumbo la mtu mwingine.

Karatasi, nakshi ikishahamia kwenye ubao, ilikaa ndani ya bomba la bati kungoja siku ya kusimamisha mlango. Niliitoa, nikatia mahali pake karatasi ya mfuko wa saruji niliyoikunja vizuri. Nikaenda nayo kwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjalidi. Misahafu na juzuu za vyuo vyote vya mji zikiraruka, kwake ndiko zilikoshonwa. Msimdhanie kikongwe mpole wa hadithi. Alikuwa na mdomo mwekundu wa tambuu na mkono mwepesi wa kofi, na alinichukia tangu nilipomtobolea mtungi.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Umekuja kuvunja nini leo?"

Nikamwonyesha. Nikashika ncha ya utepe nimwonyeshe nitakavyong'oa, akanipiga kofi la mkono hata nikaona nyota.

"Mshenzi we! Karatasi ina ngozi kama wewe. Nikikubandua kidonda hivyo, utabaki na nyama?"

"Natumia mafuta ya taa, Bi. Yanayeyusha."

"Yanayeyusha na wino. Kaa chini."

Akanifundisha, na mpaka leo mikono yangu inajua. Alipasha bamba la chuma juu ya makaa, akalijaribu kwenye shavu lake, likiunguza, halifai. Akalifunga kwa kitambaa cha pamba akalilaza juu ya utepe, kwa muda wa kusoma Kulhuwallahu mara tatu. Gundi ikalainika. Kisha kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa akainua ncha, akaurudisha utepe nyuma juu ya mgongo wake mwenyewe, chini kwa chini, si juu, polepole kama unga unaomwagika. Ukikaza, pasha tena. Gundi iliyobaki juu ya karatasi aliiokota kwa bonge la mpira mbichi, akiligusisha na kulinyanyua, gundi ikiambata na mpira.

"Usisugue," akasema. "Anayesugua ana haraka, na mwenye haraka aende akauze samaki."

Mpasuko mmoja ulituchukua siku mbili. Wa pili, siku mbili. Nilikuwa nakwenda baada ya chuo, na kila nikiuliza lini tutafika kwenye jina, alinijibu kwa kofi au kwa msonyo. Siku ya tatu aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha akaitazama muda mrefu.

"Hivi vitundu," akasema, "nani kavitoboa?"

"Mende, Bi."

Alicheka hata tambuu ikamtoka. "Mende mwenye hesabu! Tazama, vimepishana sawasawa, kimoja ndani kimoja nje. Mende huyo nimpe msahafu anishonee." Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, na siku ile hakunipiga tena.

Tulipofika kwenye jina, akakataa kuligusa. "Hapa pana gundi mbili," akasema. "Selotepu juu, uji wa ngano chini. Selotepu inataka moto, uji unataka unyevu, na wino hautaki maji. Nitatoa utepe kesho. Kisha nitalaza pamba yenye unyevu kidogo kidogo. Siku tatu."

"Mlango unasimama Ijumaa, Bi. Keshokutwa."

"Mlango ungoje."

"Hauwezi kungoja."

"Basi wewe ngoja. Jina halikimbii."

Nilimwambia ndiyo Bi. Alipokwenda kutawadha nikaikunja karatasi nikaondoka nayo.

Ijumaa ile baada ya sala, mtaa mzima ulikuwa mbele ya nyumba ya mfanyabiashara aliyeagiza mlango. Ubani unafuka. Mlango umesimama, na sitasema uongo, ulikuwa mzuri kiasi cha kukutia kichaa. Yungiyungi zilikuwa zinapanda kama zina pumzi. Ami kavaa kanzu mpya. Mama alikuwa upande wa wanawake, kajifunika buibui, kasimama mbali kidogo na wenzake, anautazama mlango. Nilidhani analia kwa ajili ya baba.

Sheikh akasema, "Tufungulie karatasi, Zuberi, tumjue wa kumwombea."

Ami akafungua bomba kwa madaha, akavuta, akaikunjua mbele ya watu. Saruji. Picha ya mfuko na maandishi makubwa ya kiwanda. Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo saruji ndiyo tuisomee Fatiha?"

Ndiyo dakika tamu kuliko zote za maisha yangu, na nimekuwa na tamu nyingi. Nikapenya katikati ya miguu ya watu, nikainua karatasi ya kweli juu kwa mikono miwili.

"Hii hapa!" nikapiga kelele. "Na aliyeichora si Ami! Jina la baba yangu liko chini ya utepe! Ameliziba! Tazameni!"

Ami akaja kwangu. Nikaona uso wake umebadilika rangi, nikajua nimemshika. Ningeweza kumpa sheikh karatasi. Ningeweza kumwita Bi Tatu, ambaye alikuwa palepale, na ambaye nilimsikia akiita, "Usivute! We mtoto, usivute!" Nilitaka nivute mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya macho yake Zuberi.

Nikavuta. Utepe ukalia kama kitambaa kinachochanwa.

Nikawageuzia watu karatasi nikangoja. Nikaitazama mwenyewe. Pale pembeni palikuwa na upara mweupe wenye nyuzinyuzi, kama kovu la mbuzi. Ngozi ya karatasi ilikuwa imetoka yote na kipande cha Ami, na jina limebaki limelala kati ya viwili hivyo, limefungwa ndani, limegeuka kinyumenyume. Utepe ulikuwa umenizunguka vidole na kujikunja.

Ami alitazama ule upara. Kisha akacheka, taratibu, kicheko cha mtu aliyenusurika.

"Tazameni jamani," akasema. "Kaja kunivua nguo, kajivua mwenyewe."

Wakacheka kuliko walivyoicheka saruji. Sheikh akauliza, "Basi nakshi hii ya nani?" Ami akasema, "Yangu, sheikh." Ikasomwa Fatiha kwa ajili ya afya yake. Nilikuwa naona maneno yanavyoingia shingoni mwake.

Mama ndiye aliyekuja kunibandua vidole kimoja kimoja. Hakunigombeza. Alikitazama kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga mara moja, akakitia kifuani pamoja na karatasi. "Twende nyumbani," akasema. "Yamekwisha."

Kwangu hayakuisha. Nawaambieni nilivyofanya, kwa sababu sioni haya. Nilipopata lori la kwanza niliingia kwenye biashara ya mbao kwa ajili ya mtu mmoja. Mvule wote wa njia ya Fukayosi niliununua mimi, hata gogo la kizingiti lisimfikie Zuberi. Alikuja kiwanjani kwangu, mvi zimemjaa, akasema, "Mwanangu, nikopeshe mbao mbili." Nikamwambia, "Bandika selotepu, inashika chochote." Fundi yule aliishia kuchonga mbuzi za kukunia nazi. Alipokufa sikwenda mazikoni.

Na haikunitosha. Kwa nakshi ile, aliyoinakili upya kutoka kwenye mlango wa kwanza, alikuwa amechonga milango mitano, na kila mmoja umesomewa Fatiha kwa jina lake. Niliitafuta. Minne niliipata, nikainunua kwa watu waliokuwa wanataka milango ya kisasa, nikailaza chini Makurunge, uso kwenye udongo, nikawaachia mchwa. Nilikwenda kumweleza mama nikitegemea aniombee baraka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Umeifunika? Mvua isije ikaipata."

"Nimeifunika, mama."

Nikajiambia, huyu bado ana huruma na mdogo wa mumewe. Kila Idi aliniuliza, "Ile milango ingalipo?" Nikamjibu ipo. Macho yalikuwa yamemwingia ukungu, lakini alikuwa akishona kofia kwa kupapasa mpaka mwaka aliokufa.

Sasa mnajua bahasha ilikuwa na nini. Nikapeleka yote Dar es Salaam kwa mama mmoja anayetengeneza karatasi za kale, nikamwambia bei si tatizo, nataka jina la baba yangu nilitie kwenye fremu. Alivaa miwani yake akatazama ule upara.

"Nani aliyevuta hivi?"

"Mtoto mmoja."

"Hakuwa na mtu wa kumwambia?"

"Alikuwa naye."

Utepe wenyewe, ulivyozeeka, uliachia bila kubembelezwa, ukadondoka kama gamba la kitunguu. Umanjano wake akaukwangua kwa kiwembe, punje kwa punje. Kisha akaweka pamba yenye unyevu, kidogo kidogo, siku tatu. Siku tatu zilezile za Bi Tatu. Siku ya nne akaniita nikamwona akiitenga ngozi ile nyembamba na kipande cha Ami, akaigeuza, akairudisha mahali pake kwenye ule upara. Ikaenea kama jino kwenye ufizi.

Herufi nazijua, chuo nilikaa kuliko shule. Ulikuwa mwandiko wa baba yangu, nautambua kokote. Alikuwa ameandika: *Nakshi ya Mwanahawa binti Ramadhani.*

Mama yangu.

Vile vitundu. Kimoja ndani kimoja nje, kama kwenye kofia ya viua. Mende mwenye hesabu alikuwa amekaa mlango wa uani, sindano zake zimechomekwa kwenye sabuni, na mimi nampita kwenda kuteka maji. Baba alimwandika kwa mkono wake ili siku ya mlango watu wamwombee. Ami akaona aibu, mlango wa mwanamke atauza vipi, akamziba. Na mama akaniambia liache, nami nikamwita mwoga, nikaishi naye zaidi ya miaka thelathini bila kumuuliza hata mara moja jina la nani lilikuwa chini ya utepe.

Sijakusamehe, Zuberi. Usidhani. Dhuluma ni ileile, nilikosea tu aliyedhulumiwa. Lakini wewe uliliziba jina, kazi ukaiacha isimame. Mimi nilikwenda Makurunge siku ileile na tochi na watu wawili. Tulipoinua mlango wa kwanza ulibaki mikononi mwetu kama mkate uliolowa. Na wa pili. Na wa tatu. Na wa nne. Kisasi nilikiapia, sasa amebaki mtu mmoja wa kulipizwa, na kila asubuhi ananyoa ndevu mbele ya kioo changu.

Mlango wa tano ulikuwa Pangani. Nilikwenda. Kijana mjukuu wa mwenye nyumba alinitazama toka viatu mpaka kofia.

"Wewe mzee si ndiye unayenunua milango hii unawalisha mchwa?"

"Ndiye."

"Basi kwako bei nyingine."

Mimi, ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza tangu nizaliwe, nikafungua mkoba. Tulipouteremsha aliniuzia na kamba ya kuufungia kwenye lori, akaitaja bei yake peke yake, nikalipa na hiyo.

Umesimama kwenye nyumba ya mama. Nilivukiza ubani, nikamwita mwanawe Zuberi nikamkalisha mbele kabisa, nikampa yeye karatasi aisome. Akasoma, "Mwanahawa binti Ramadhani," kwa sauti nzuri, laana yake, na watu wakainua mikono. Mama ana siku hamsini na tatu kaburini, na hiyo ndiyo Fatiha yake ya kwanza ya mlango, wakati alistahili tano akiwa hai anasikia. Imenigharimu, pamoja na kamba, shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu arobaini na mia tano.